Kufundisha Upimaji wa Chipu ya Usalama ya Kompyuta na Kiendeshi Chake

Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kueleza namna somo moja la maabara ya kompyuta linavyoweza kufundishwa katika vyuo vya ualimu. Somo lenyewe ni la kuhakikisha kwamba chipu ya usalama iliyomo katika kompyuta, pamoja na kiendeshi chake, vinafanya kazi chini ya mfumo wa uendeshaji ulio huria, yaani Linux. Somo hili huonekana dogo, na ni rahisi kulimaliza kwa dakika kumi: mwanachuo hupewa amri mbili za kuandika, huona neno tpm0 kwenye skrini, huweka alama ya vyema katika daftari lake, na kazi imekwisha. Maoni yangu ni kwamba mwanachuo aliyefundishwa hivyo hajafundishwa kupima kitu chochote. Amefundishwa kutambua jina.

Jina la kitu kuwamo katika orodha, na kitu hicho kufanya kazi, ni mambo mawili mbalimbali. Baina yake yamo mambo mengine kadhaa, na kila moja lahitaji ushahidi wake. Hilo ndilo somo hili linaloweza kulifundisha vizuri kuliko mazoezi mengi ya maabara, kwa kuwa tabaka zake ni chache na zinatenganishika. Lakini ni somo lenye hatari ya kweli pia, nami nitaieleza hatari hiyo kabla ya mambo mengine, maana haifai mwalimu akutane nayo katikati ya kipindi.

Chipu yenyewe

Chipu inayozungumzwa hapa huitwa na watengenezaji wake TPM. Watu wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2021, kampuni ya Microsoft ilipotangaza kwamba Windows 11 itadai chipu hiyo ya toleo la 2.0. Hata hivyo chipu si mpya. Umoja wa makampuni unaoitunga kanuni yake, yaani TCG, uliundwa mwaka 2003. Kanuni ya toleo la 2.0 ilitolewa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikawa kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 11889. Kwa upande wa Linux, kiendeshi cha chipu hizi kiliingizwa katika kiini cha mfumo katika toleo la 2.6.12 la mwaka 2005, na uwezo wa kutumia chipu za 2.0 ulikuja na toleo la 4.0 la mwaka 2015.

Mwanachuo aelezwe kwamba chipu hii ni kikompyuta kidogo kilicho ndani ya kompyuta kubwa. Hutunza funguo za siri zisionekane hata na mfumo wa uendeshaji wenyewe. Hutoa namba za nasibu. Na huweka rejista za mambo yaliyotukia mashine ilipokuwa ikiwashwa. Katika baadhi ya mashine ni kipande cha pekee kilichounganishwa kwenye ubao mkuu, na katika nyingine ni kazi inayotendwa ndani ya prosesa ya Intel au AMD. Linux huzionyesha zote kwa namna moja.

Neno kiendeshi huwatatiza baadhi ya wanachuo, kwa sababu hutumika pia kwa diski. Yafaa kuwaambia kwamba kiendeshi hapa ni mkalimani. Chipu hujua lugha moja tu, ya mfululizo wa baiti uliopangwa kwa kanuni. Kiini cha Linux kina lugha yake. Na mkalimani hukaa katikati. Mkalimani akikosekana, mgeni yupo lakini hasikiki. Mgeni akikosekana, mkalimani hana la kufanya. Mfano huu una faida ya kuonyesha mapema kwamba ukimya mmoja waweza kuwa na sababu mbili.

Hatari inayotangulia somo

Kwa kuwa chipu hutunza funguo, huenda ufunguo unaofungua diski nzima umefungiwa ndani yake. Tuseme chuo kina kompyuta mpakato yenye mifumo miwili, Windows na Linux. Upande wa Windows diski imesimbwa kwa BitLocker, na ufunguo wake umo katika chipu. Mwanachuo anaingia katika mipangilio ya mashine, ile ifunguliwayo kabla mfumo wowote haujaanza, anakuta mahali palipoandikwa kwamba chipu yaweza kufutwa ianze upya, naye anapachagua akidhani kwamba chipu safi itapimika vizuri zaidi. Kesho yake ofisi ya taaluma inawasha mashine na kuambiwa iandike ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Alama za mazoezi ya kufundisha za mwaka mzima zimo humo. Ikiwa hakuna aliyeihifadhi namba hiyo, hakuna fundi atakayeifungua diski, wala mtengenezaji wa mashine hawezi.

Linux nayo haina kinga ya jambo hili. Tangu mwaka 2021 mfumo wa systemd una amri ya kuufungia ufunguo wa diski ndani ya chipu, na kabla ya hapo programu iitwayo clevis ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la somo halihusu chipu kufanya kazi. Swali la kwanza ni: nani anaitegemea chipu hii sasa? Kwa diski ya Linux iliyosimbwa, swali hujibiwa kwa amri ifuatayo, jina la diski likiandikwa mahali pake:

sudo cryptsetup luksDump /dev/sda3

Yakionekana maneno systemd-tpm2 au clevis, mashine hiyo isitumiwe kwa majaribio. Vile vile mashine yoyote yenye Windows iachwe, au ufunguo wake wa akiba uandikwe kwanza katika karatasi na kukabidhiwa kwa mwenye mashine. Mwalimu hana budi pia kuitaja waziwazi amri ya tpm2_clear na kueleza kwamba haimo katika somo. Kuificha hakusaidii, mwanachuo mdadisi ataikuta mwenyewe katika orodha ya amri, na jina lake halitishi.

Maswali manne

Upimaji wenyewe ninaupendekeza ufanywe kwa maswali manne, yakiulizwa kwa mfuatano, na kabla ya kila amri mwanachuo aandike katika daftari lake anatarajia kuona nini. Kuandika matarajio kabla ya kubonyeza ni jambo linalochosha, na wanachuo hulikwepa. Lakini bila hilo kila matokeo huonekana kuwa ndiyo yaliyotarajiwa.

Swali la kwanza: je, programu inayowasha mashine imetoa habari za chipu? Katika kompyuta za kawaida habari hizo huandikwa katika jedwali ambalo Linux hulionyesha kama faili:

ls /sys/firmware/acpi/tables/TPM2

Chipu za kale za toleo la 1.2 huwa na jedwali liitwalo TCPA. Faili likiwapo, tumethibitisha kwamba mashine inadai kuwa na chipu. Hatujathibitisha zaidi ya hapo.

Swali la pili: je, kiini kimeipatia chipu mkalimani? Hapa ndipo makosa mengi ya kufikiri hutokea. Wanachuo wengi huandika lsmod | grep tpm, wakiona ukurasa mtupu husema kiendeshi hakipo. Lakini amri hiyo huonyesha viendeshi vilivyopakiwa kando tu. Katika matoleo kadhaa ya Linux kiendeshi cha chipu kimeshonwa ndani ya kiini chenyewe, kwa hiyo hakiwezi kuonekana katika orodha hiyo ingawa kinafanya kazi. Ushahidi ulio bora ni huu:

readlink /sys/class/tpm/tpm0/device/driver
cat /sys/class/tpm/tpm0/tpm_version_major

Amri ya kwanza hutaja kiendeshi kilichoshikana na chipu hii hasa, na mara nyingi jina litaishia tpm_tis au tpm_crb, ambazo ni njia mbili za kuzungumza na chipu. Ya pili hutoa tarakimu 1 au 2 kulingana na toleo, katika viini vya tangu mwaka 2020. Mtego mwingine wa aina hiyo umo katika taarifa za kuwasha mashine, zisomwazo kwa sudo dmesg. Humo huenda mkakuta mstari usemao kwamba hakuna chipu ya TPM iliyopatikana, na kwamba sehemu iitwayo ima itaendelea bila hiyo. Mstari huo haumaanishi lazima kwamba chipu haipo. Mara nyingine humaanisha tu kwamba ima iliuliza mapema mno, kiendeshi kikiwa bado hakijaanza. Mwanachuo akiukuta mstari huo katika mashine ambayo tpm0 ipo na inajibu, asiupite; aulizwe ni nani kati ya mashahidi hawa wawili aliyesema mwanzo, na ni nani aliyesema baada ya kuona.

Swali la tatu: je, mtumiaji ana njia ya kuifikia chipu? Faili mbili huhusika, /dev/tpm0 na /dev/tpmrm0. Ya kwanza ni mlango wa moja kwa moja, ambao kwa kawaida humpokea mtu mmoja kwa wakati. Ya pili iliongezwa katika kiini cha 4.12 mwaka 2017, nayo ina msimamizi anayewapanga wateja wengi wasigombane. Amri ls -l itaonyesha mwenye faili na kikundi chake, ambacho mara nyingi ni tss. Swali hili halina mengi. Ni jambo la ruhusa, na wanachuo waliokwisha kufundishwa ruhusa za faili watalimaliza upesi.

Swali la nne ndilo kubwa: je, chipu inajibu, na jibu lake ni sahihi?

Barua ya baiti kumi na mbili

Mwanachuo akifungua /dev/tpm0 kwa amri ya kusoma faili, kama vile sudo cat /dev/tpm0, hataona kitu. Chipu haisemi mpaka iulizwe. Basi yafaa afundishwe namna ya kuuliza, na sehemu hii ya somo haihitaji kompyuta hata moja. Ubao na chaki vyatosha. Katika vyuo ambavyo mashine ni chache hilo si jambo dogo.

Mwalimu aandike ubaoni barua ifuatayo, katika hesabu ya kumi na sita, ambamo herufi A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15:

80 01 00 00 00 0C 00 00 01 7B 00 08

Baiti mbili za kwanza hueleza aina ya barua. 80 01 ni barua isiyoambatana na idhini yoyote. Baiti nne zinazofuata ni urefu wa barua nzima, nayo 0C ni kumi na mbili. Wanachuo wahesabu wenyewe na kuona kwamba ni kweli. Nne nyingine, 00 00 01 7B, ni namba ya amri, nayo ni amri ya kuomba namba za nasibu. Mbili za mwisho zaeleza idadi ya baiti zinazoombwa, yaani nane.

Jibu la chipu huanza hivi:

80 01 00 00 00 14 00 00 00 00 00 08

kisha hufuata baiti nane zisizotabirika. Humo 14 ni ishirini kwa hesabu yetu ya kawaida, baiti nne za sufuri zinazofuata ni neno la chipu kwamba amri imetimizwa, na 00 08 yarudia idadi. Baada ya kusoma barua zote mbili, mwalimu aulize: tukiomba baiti kumi na sita badala ya nane, ni nini kitakachobadilika katika kila barua? Wanachuo wengi watabadili urefu wa barua ya kwanza. Urefu huo haubadiliki. Barua ya kuomba ni ya baiti kumi na mbili tuombe nane au kumi na sita, na kinachobadilika ni 08 kuwa 10. Katika jibu, urefu utakuwa 1C, yaani ishirini na nane. Swali hili moja hutenganisha waliofahamu na walionakili.

Hapo ndipo waende kwenye mashine. Kwa vifaa vya tpm2-tools, barua ile ile hupelekwa hivi katika bash:

printf '\x80\x01\x00\x00\x00\x0c\x00\x00\x01\x7b\x00\x08' | sudo tpm2_send | xxd -p

Ipo njia fupi, sudo tpm2_getrandom --hex 8, na kazini ndiyo itakayotumika. Lakini mwanachuo aliyeiona barua ikitoka na jibu likirudi, baiti kwa baiti kama alivyolitabiri ubaoni, ana ushahidi kwamba njia yote, kutoka kwake hadi kwa chipu na kurudi, iko wazi. Kwa chipu za toleo la 1.2 lugha ni nyingine na vifaa ni vingine, tpm-tools vikisaidiwa na TrouSerS. Barua iliyo hapo juu haitafaa.

Je, jibu ni sahihi?

Namba za nasibu zina udhaifu mmoja kama ushahidi: hakuna awezaye kusema kama ni sahihi. Zikitoka zile zile mara mbili tutashuku. Zikitofautiana hatujajua lolote, maana programu yoyote yaweza kutoa namba zinazotofautiana. Tunahitaji kazi ambayo jibu lake twaweza kulipata wenyewe kwa njia nyingine, kisha tulinganishe. Rejista za chipu zinatupatia kazi hiyo.

Chipu ya kompyuta ya kawaida ina rejista 24, kuanzia 0 hadi 23. Mwalimu anaweza kuzifananisha na rejista ya mahudhurio iandikwayo kwa wino: haiandikwi juu ya kilichoandikwa, huongezwa tu. Kila jambo jipya linapoongezwa, chipu huchukua thamani iliyopo, huunganisha na chapa ya jambo hilo jipya, na kuipigia hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutwaa maandishi ya urefu wowote na kutoa baiti 32. Matokeo ndiyo thamani mpya. Rejista ya 0 hupokea habari za programu ya kuwasha mashine, nayo ya 7 habari za uwashaji salama, hizo zisiguswe. Rejista ya 16 imetengwa kwa majaribio, na inaruhusiwa kurudishwa kwenye sufuri.

Mwanachuo achague neno, tuseme chaki, kisha aandike:

D=$(printf chaki | sha256sum | cut -c1-64)
sudo tpm2_pcrreset 16
sudo tpm2_pcrextend 16:sha256=$D
sudo tpm2_pcrread sha256:16

Kisha jirani yake, katika mashine nyingine ambayo haihitaji kuwa na chipu yoyote, apige hesabu ile ile bila kuitumia chipu:

(head -c 32 /dev/zero; printf chaki | openssl dgst -sha256 -binary) | sha256sum

Tarakimu 64 za wa kwanza na tarakimu 64 za wa pili zikilingana zote, tumeona chipu ikifanya kazi tunayoifahamu na kutoa jibu tunaloweza kulikagua. Ninapendelea zoezi hili kuliko amri ya tpm2_selftest, ambayo huiambia chipu ijipime yenyewe. Kujipima kuna faida yake, nako kusiachwe. Lakini ni ushuhuda wa mshtakiwa juu ya nafsi yake, na wanachuo wanaufahamu vizuri uzito wa ushuhuda wa namna hiyo wanaposahihishana madaftari.

Kufundisha kwa mashine mbovu

Mashine nzima haina mengi ya kufundisha. Kila amri hujibu, kila mwanachuo hufurahi, na hakuna anayelazimika kufikiri. Kwa sababu hiyo kipindi cha pili kitumike kwa mashine zilizoharibiwa kwa makusudi, bila wanachuo kuambiwa zimeharibiwaje. Kwa kazi hii mashine pepe ndizo zinazofaa, yaani kompyuta iliyoigizwa ndani ya kompyuta nyingine kwa QEMU, ikipewa chipu ya kuigiza kwa programu huria iitwayo swtpm. Hakuna ufunguo wa mtu yeyote ndani yake, na ikiharibika hufutwa na kuundwa upya.

Natoa kasoro tatu zinazotosha. Ya kwanza, chipu iondolewe kabisa katika mashine pepe. Ya pili, chipu ibaki lakini kiendeshi kitengwe nayo. Kikiwa kimepakiwa kando huondolewa kwa modprobe -r, na kikiwa kimeshonwa katika kiini, katika saraka yake mna faili la unbind ambalo huandikiwa jina la kifaa. Ya tatu, kila kitu kiwe sawa isipokuwa mtumiaji hayumo katika kikundi cha tss.

Mwanachuo anayetumia amri moja tu, tuseme tpm2_getrandom bila sudo, atashindwa katika mashine zote tatu, na kwa haraka aweza kuandika katika zote tatu kwamba chipu ni mbovu. Kumbe katika mashine hizo hakuna chipu mbovu hata moja. Kasoro ya kwanza na ya pili zinafanana sana, maana katika zote mbili faili la /dev/tpm0 halipo. Kinachozitenga ni lile swali la kwanza ambalo wengi huliruka: katika ya pili jedwali la TPM2 lipo, katika ya kwanza kwa kawaida halipo. Ya tatu hujitambulisha yenyewe kwa maneno Permission denied, ila maneno hayo huja yamezungukwa na mistari mingine ya makosa, na mwanachuo aliyezoea kusoma mstari wa mwisho peke yake hatayaona. Mwalimu asiwaharakishe hapa. Waachwe wasome.

Wakigawanywa makundi ya watu watatu watatu, kila kundi lipewe mashine zote tatu, na liandike kwanza ni dalili gani itakayolifanya libadili mawazo yake. Kundi lisiloweza kuitaja dalili hiyo halijawa na dhana. Lina bahati tu.

Yasiyothibitishwa

Mashine pepe ina faida nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni kasoro. Majibu yote manne yatakuwa mazuri, barua itajibiwa, rejista ya 16 italingana hadi tarakimu ya mwisho, na bado hakuna chipu yoyote. Ni programu inayoigiza. Wanachuo waulizwe wangeitambuaje. Mlango mmoja ni amri hii:

sudo tpm2_getcap properties-fixed

Humo imo namba ya mtengenezaji, herufi nne zilizoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Kwa swtpm huwa 49424D00, nao wakitumia jedwali la herufi la ASCII watasoma IBM. Kwa chipu ya ndani ya Intel huwa 494E5443, yaani INTC. Ni zoezi zuri la dakika tano. Lakini mwanachuo mwerevu atasema kwamba mwigizaji aweza pia kuigiza jina, naye atakuwa amesema kweli. Kinachofunga hoja ni hati ya mtengenezaji iliyotiwa sahihi, na hiyo ni mada ya kipindi kingine.

Liko jambo zito zaidi. Mwezi Oktoba 2017 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la ROCA, iliyogunduliwa na watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, katika namna chipu za kampuni ya Infineon zilivyokuwa zikiunda funguo za RSA. Namba kuu zilizotumika hazikuwa za nasibu kama ilivyodhaniwa. Zilikuwa na mpangilio, na kwa mpangilio huo mtu aliyekuwa na ufunguo wa hadhara tu aliweza, kwa baadhi ya urefu wa funguo, kuupata wa siri. TPM za kampuni hiyo zilizokuwa na kasoro hii zilijibu amri, zilijipima na kujiona nzima, na zilikuwa na viendeshi vilivyofanya kazi barabara. Nchini Estonia msimbo ule ule ulikuwa katika vitambulisho vya taifa, na mamia ya maelfu ya kadi yaliathirika. Mwanachuo aliyepima kwa maswali yetu manne mwaka 2016 angepata majibu mazuri yote manne, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa la uongo.

Kuna na kisa cha upande wa pili, chepesi kidogo. Mwaka 2023 watunzaji wa kiini cha Linux walikizima chanzo cha namba za nasibu cha chipu zilizo ndani ya prosesa za AMD kisitumiwe na kiini, kwa kuwa kuziomba kulizifanya baadhi ya mashine zikwame kwa muda mfupi katikati ya kazi. Chipu ilijibu sahihi. Ila jibu lilikuja kwa gharama ambayo upimaji wa mara moja usingeionyesha.

Tathmini na kufunga kipindi

Somo hili lipewe vipindi viwili vya pamoja, kimoja cha ubao na mashine nzima, kingine cha mashine mbovu. Kila kundi litoe ripoti ya ukurasa mmoja wenye safu tatu: dai, ushahidi uliouona, na jambo ambalo ushahidi huo hauthibitishi. Ninashauri safu ya tatu ipewe nusu ya alama. Safu mbili za kwanza mwanachuo aweza kuzinakili kwa jirani. Ya tatu humlazimu ajue kila amri ilikuwa ikizungumza na nani. Mathalani, anayeandika kwamba tpm0 ipo na kwa hiyo diski ya mashine iko salama apewe sufuri katika mstari huo, hata kama amri zake zote ni sahihi. Anayeandika kwamba rejista ya 16 ililingana, lakini hajui kama chipu ni ya kweli au ya kuigiza kwa sababu hakusoma namba ya mtengenezaji, apewe alama zote za mstari huo.

Kabla ya wanachuo kuondoka, rejista ya 16 irudishwe kwenye sufuri kwa tpm2_pcrreset 16, waliotiwa katika kikundi cha tss kwa ajili ya somo waondolewe, na mwalimu apitie mashine moja moja kuona kwamba zinawaka na kufungua diski zake kama zilivyokuwa asubuhi. Kazi hiyo ya mwisho asiwaachie wanachuo peke yao, hasa siku ambayo ofisi ya taaluma inazihitaji mashine hizo jioni.